AKIBA HAIOZI: HISTORIA YA MTAMBO WETU WA PILI WA KUGAWA NAMBA

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wasomaji watakuta habari za maghala yaliyojengwa, malori yaliyonunuliwa, na bei za kahawa zilizopanda na kushuka. Mambo hayo huonekana kwa macho. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa kazi ya kuandika habari za kitu ambacho wanachama wengi hawajapata kukiona, nacho ni mtambo mdogo uliomo katika chumba cha nyuma cha makao makuu, pamoja na ndugu yake aliyewekwa katika ghala la bondeni. Kazi ya mitambo hiyo miwili ni kuipa kila kompyuta, kila mizani na kila mashine ya kuchapa stakabadhi namba yake ya kujulikana katika mtandao wa Chama.

Mwanachama anayo haki ya kuuliza: "Mimi ni mkulima wa kahawa, namba hizo zanihusu nini?" Jibu letu ni fupi. Katika msimu wa saba wa Chama hiki mtambo wa kwanza ulikufa, nao wakati huo haukuwa na mwenziwe, na wakulima waliobeba kahawa yao tangu alfajiri wakakaa mpaka jioni bila stakabadhi. Kwa hiyo habari hii ni habari ya jasho la mkulima. Tutaieleza tangu asili yake, wala hatutaficha makosa yaliyotoka katika ofisi yetu wenyewe.

NAMBA HIZI NI ZA NINI

Barua iliyoandikwa jina tu bila sanduku la posta haifiki. Kompyuta nazo hufuata desturi hiyo hiyo zinapopelekeana habari: kila moja lazima iwe na namba, na habari inayosafiri hubeba namba ya mpelekaji na ya mpokeaji. Namba tulizozizoea huandikwa kwa mafungu manne, mathalan 192.168.10.25. Utaratibu wake uliwekwa katika waraka namba 791 wa Septemba 1981, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa Marekani ulioitwa ARPANET, ambao ndio mzazi wa intaneti, uliacha utaratibu wake wa zamani na kuushika huu.

Sheria kubwa ya namba hizi ni kwamba zisigongane. Vyombo viwili katika mtandao mmoja vikiwa na namba moja, ni sawa na wanachama wawili walioandikwa kwa namba moja katika daftari la malipo. Fedha ya huyu itakwenda kwa yule, na ugomvi hautakwisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo maana tangu zamani palikuwapo mtunza daftari. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Bwana Jon Postel wa California, aliyetunza orodha za namba za mtandao hata alipofariki mwaka wa 1998. Kazi hiyo iligawanywa pia kwa sehemu za dunia, na bara letu la Afrika lilipata msajili wake, AFRINIC, mwenye makao yake Mauritius, aliyetambuliwa rasmi mwaka wa 2005.

Jumla ya namba za aina hii ni 4,294,967,296. Zamani zilionekana kuwa nyingi mno, lakini tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia lilitoa mafungu yake ya mwisho. Chama kama chetu hakikuumia sana kwa jambo hilo, kwa sababu waraka namba 1918 wa Februari 1996 ulikuwa umekwisha kutenga namba ambazo mtu yeyote aweza kuzitumia ndani ya ua wake, kama vile mkulima apendavyo kuyapa majina mapande ya shamba lake mwenyewe. Namba zinazoanza na 192.168 ni katika hizo. Lakini hata ndani ya ua lazima awepo wa kuzigawa, na hapo ndipo historia yetu inapoanza.

ZAMA ZA KALAMU

Hapo mwanzo namba ziligawiwa kwa mkono. Sisi wenyewe tulifanya hivyo katika miaka miwili ya kwanza ya Chama. Karani alikuwa na daftari la mistari. Kila kompyuta ilipoingia, aliiandika, akaipa namba, kisha akaenda kuibonyezea namba hiyo kwa mkono wake. Kompyuta zilipokuwa chache kazi ilikuwa nyepesi. Mizani za vituo zilipoingia, daftari lilijaa mistari iliyofutwa na kuandikwa tena juu yake, na karani akawa hana siku ya kupumzika.

Waliotutangulia walikutana na taabu hiyo mapema. Katika miaka ya 1980 palikuwa na kompyuta zisizo na diski, ambazo zikizimwa husahau kila kitu, hata namba zao wenyewe. Mwezi wa Juni 1984 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa waraka namba 903, ulioeleza jinsi kompyuta ya namna hiyo iwezavyo kuuliza: "Mimi niliyetoka kiwandani na alama hii, namba yangu ni ipi?" Mwezi wa Septemba 1985 Bwana Bill Croft wa Stanford na Bwana John Gilmore wa Sun Microsystems walitoa waraka namba 951, wenye utaratibu ulioitwa BOOTP. Huu ulikuwa bora kuliko wa kwanza, maana ombi la kompyuta liliweza kubebwa na tarishi kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Habari ya tarishi huyu msomaji aiweke moyoni, kwa kuwa atarudi kutuaibisha mbele.

Hata hivyo BOOTP haikuondoa kalamu. Jedwali la namba bado liliandikwa na mtu, mstari kwa mstari, na namba iliyotolewa ilikuwa imetolewa moja kwa moja. Kompyuta iliyokufa zamani iliendelea kushika namba yake, kama jina la marehemu lisilofutwa katika orodha ya wanachama.

Mabadiliko yalikuja Oktoba 1993, wakati Bwana Ralph Droms, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bucknell katika Marekani, alipotoa waraka namba 1531. Utaratibu aliouandika huitwa kwa herufi DHCP. Uliandikwa upya katika waraka namba 2131 wa Machi 1997, ambao umekuwa msingi wa kazi hii tangu hapo. Jambo kubwa lililokuwa jipya ni hili: mtambo uliweza kuchagua namba wenyewe na kuikodisha kwa muda. Muda ukiisha bila mpangaji kuomba tena, namba hurudi ghalani na kupewa mwingine.

Mazungumzo yake ni mafupi na ya adabu. Kompyuta mpya hupaza sauti: "Ni nani mgawaji hapa?" Mgawaji hujibu: "Ninayo namba hii, waitaka?" Kompyuta hutangaza mbele ya wote: "Naichukua ya fulani." Mgawaji humaliza: "Imeandikwa, ni yako kwa muda huu." Neno la tatu hutangazwa kwa wote ili mgawaji mwingine aliyetoa namba, ambaye hakuchaguliwa, apate kuirudisha yake ghalani. Kwa hiyo tangu mwanzo ilifikiriwa kwamba wagawaji waweza kuwa zaidi ya mmoja. Lakini waraka haukueleza wagawaji hao wapatane vipi wao kwa wao juu ya daftari. Pengo hilo ndilo kiini cha habari yetu.

Kabla ya kuendelea, tutoe kisa kimoja cha kweli kinachoonyesha kwamba mambo haya si uchawi. Mwaka wa 1997 wapenzi wa kompyuta walikusanyika kambini katika Uholanzi, nao wagawaji wa namba wakatumia vibanio vya nguo vya mbao. Kila kibanio kiliandikwa namba, na aliyekishika kibanio ndiye aliyekuwa mwenye namba hiyo. Utaratibu huo ukaandikwa katika waraka namba 2322 wa tarehe 1 Aprili 1998. Watu hucheka wakiusoma, kwa maana siku hiyo ni ya mizaha, lakini hekima yake ni kubwa: kibanio kimoja hakiwezi kuwa mikononi mwa watu wawili.

UDHAIFU WA MTAMBO MMOJA

Katika mwaka wa tatu Chama kiliweka mtambo wa kugawa namba, ule ambao wataalamu huuita seva. Karani alipumzika, daftari la mistari likafungwa kabatini, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba mtambo upo. Fundi aliyeuweka alitushauri tuweke na wa pili. Halmashauri iliuliza maoni ya ofisi ya Katibu, nasi tukajibu kwamba uliopo unatosha na fedha itumike kwa mambo mengine. Jibu hilo limo katika kumbukumbu za mkutano, nasi hatuwezi kulikana.

Yafaa kueleza jinsi mtambo wa namna hii unavyokufa, maana haufi kama gari. Gari likifa, abiria wote hujua papo hapo. Mgawaji wa namba akifa, waliokwisha pewa namba huendelea na kazi zao kama kwamba hapana lililotokea. Kwetu muda wa kukodi ulikuwa siku 8. Kwa desturi ya DHCP kompyuta huomba kuongezewa muda nusu ya muda inapofika, yaani siku ya 4. Isipojibiwa huendelea kumwomba mgawaji yule yule. Ikifika sehemu saba katika nane, yaani siku ya 7, huanza kumwomba mgawaji yeyote atakayesikia. Siku ya 8 ikiisha bila jibu, yapasa iiache namba.

Basi mtambo wetu ulikufa usiku mmoja katikati ya msimu, nasi tukakaa siku nne bila kujua. Baada ya hapo kompyuta zikaanza kuanguka moja moja: leo ya mhasibu, kesho mbili za kituo cha juu. Kila moja ilishughulikiwa peke yake, kana kwamba ni mgonjwa wa maradhi yake. Dalili ilikuwa mbele ya macho yetu. Kompyuta nyingi zikikosa mgawaji hujipa zenyewe namba inayoanza na 169.254, ambayo ni namba ya kukaa barazani tu, haiwezi kuvuka mlango. Makarani waliiona namba hiyo wakaiandika, lakini hakuna aliyejua maana yake. Twaomba kila karani asomaye ukurasa huu aijue tangu leo.

Siku ya nane mizani za vituo vitatu zilinyamaza pamoja, siku ambayo kahawa ilikuwa nyingi. Uzito haukufika makao makuu, na stakabadhi hazikutoka.

MAFAHALI WAWILI KATIKA ZIZI MOJA

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, nalo lilitokana na haraka. Palikuwa na kompyuta ya zamani stoo. Tuliamuru iwashwe, ipewe kazi ya kugawa namba zile zile zilizokuwa zikigawiwa na mtambo uliokufa. Tulidhani kwamba mtu mpya akikaa katika kiti cha zamani kazi itaendelea. Tulisahau kwamba huyo mpya hakuwa na daftari la yule wa zamani. Kwake yeye namba zote zilikuwa ghalani, hazijaguswa, hali nyingi zilikuwa bado mikononi mwa kompyuta ambazo muda wao haujaisha. Akaanza kugawa vibanio vilivyokwisha gawiwa.

Jioni ile kompyuta ya mizani ya kituo kimoja na mashine ya kuchapa stakabadhi zikawa na namba moja. Kazi ikaenda dakika tano, ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Kisha fundi akafaulu kuufufua mtambo wa kwanza, bila kuuzima ule wa stoo, na sasa wagawaji wawili wasiojuana wakawa wanagawa mali moja. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, nasi tuliyaona hayo. Hatimaye tulizima yote, tukarudi kwenye vitabu vya stakabadhi vya karatasi. Hakuna kilo ya mkulima iliyopotea, kwa kuwa makarani wa vituo walikuwa wameandika uzito wote kwa mkono. Twawashukuru kwa jina la wanachama wote. Lakini malipo yalichelewa, na mwanachama aliyetazamia ada ya shule hakupendezwa na maelezo yetu ya namba.

Katika mkutano uliofuata mzee mmoja alisimama akauliza: "Ninyi mnatufundisha kuweka akiba kila mwaka. Je, ofisi yenu iliweka akiba gani?" Hatukuwa na jibu. Halmashauri ikaazimia mtambo wa pili ununuliwe, nasi tukaagizwa tujifunze kwanza jinsi mitambo miwili inavyoweza kukaa pamoja kwa amani.

WENGINE WALIVYOLITATUA JAMBO HILI

Tuliona kwamba wenzetu wa nchi nyingine walikuwa wamelihangaikia jambo hili kwa miaka mingi. Njia ya kwanza, iliyo rahisi, ilikuwa kuligawa ghala. Kama namba ni 200, mtambo wa kwanza hupewa 160 na wa pili 40, yaani themanini kwa ishirini katika mia. Hakuna anayegusa sehemu ya mwenziwe, kwa hiyo namba hazigongani. Njia hii imesaidia ofisi nyingi. Upungufu wake ni kwamba kila mtambo una daftari lake peke yake. Mkubwa akifa, mdogo hajui lolote la wapangaji wa mkubwa, na namba zake 40 huisha upesi.

Njia ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Katika miaka ya 1990 Bwana Droms na wataalamu wengine, miongoni mwao Bwana Kim Kinnear, walianza kuandika mapatano ya kudumu baina ya wagawaji wawili. Rasimu yao ilirudiwa mara nyingi, na ile ya mwezi wa Machi 2003 ilikuwa na kurasa zaidi ya 100. Haikupata kuidhinishwa kuwa waraka rasmi. Lakini watengenezaji wa programu hawakungoja. Taasisi ya Marekani iitwayo ISC iliyatia mapatano hayo katika programu yake ya DHCP, ambayo ilitumiwa sana duniani mpaka ilipoacha kuitunza mwaka wa 2022 na kuwashauri watu wahamie programu yake mpya iitwayo Kea. Kampuni ya Microsoft nayo iliyatia mapatano ya namna hiyo katika Windows Server ya mwaka 2012, na huo ndio mfumo tuliouchagua.

Kwa nini kurasa zikawa nyingi hivyo? Kwa sababu ya swali moja gumu. Mgawaji wa kwanza akitoa namba, kisha akafa kabla ya kumwarifu mwenziwe, yule aliyebaki atajuaje kwamba namba hiyo imetoka? Kama kila mgawaji angengoja jibu la mwenziwe kabla ya kumjibu mpangaji, kazi ingekwenda polepole, na mmoja akifa wa pili angekwama pia.

Jawabu lao ni la busara, na karani yeyote wa ushirika atalielewa. Kwanza, namba zilizo wazi hugawanywa baina ya wawili hao, kama makarani wa mizani wanavyopewa kila mmoja kitabu chake cha stakabadhi, huyu toka 1 hadi 100, yule toka 101 hadi 200. Hakuna haja ya kuulizana kwa kila mteja. Pili, mgawaji hamwahidi mpangaji mpya muda mrefu mara moja. Humpa muda mfupi, kwa kawaida saa moja, na papo hapo humwandikia mwenziwe: "Fulani nimempa namba hii, nami nakusudia kumwongezea siku 8." Mwenziwe akiisha kuandika katika daftari lake na kujibu, mpangaji akirudi baada ya nusu saa hupewa siku zake zote. Kwa njia hii aliyebaki hai anajua jambo moja kwa hakika: ahadi yoyote ambayo hakuarifiwa haiwezi kuzidi saa moja. Akingoja saa hiyo ipite, aweza kulichukua ghala la marehemu bila hofu ya kugongana.

Kuna na jambo la nani ajibu, kwa kuwa wito wa kompyuta mpya husikiwa na wote wawili. Waraka namba 3074 wa Februari 2001 ulitoa njia ya hesabu. Alama ya kila kompyuta hupigwa hesabu ikatoa namba toka 0 hadi 255, na nusu moja ya namba hizo ni ya mgawaji huyu, nusu ya pili ni ya yule. Kila mmoja hujua zamu yake bila kusema neno.

KUNYAMAZA SI KUFA

Mtambo wa pili ulifika katika mwaka wa nane, ukawekwa katika ghala la bondeni ili moto au umeme ukiharibu jengo moja, la pili libaki. Tuliuweka kwanza kama msaidizi anayengoja. Kwa miezi miwili taa zake ziliwaka, madaftari yalilingana, nasi tukaandika katika taarifa kwamba Chama sasa kina akiba.

Kisha fundi akataka tuujaribu. Tulichagua Jumamosi isiyo ya mizani, tukauzima mtambo wa kwanza kwa makusudi, tukapeleka kompyuta mpya katika kituo cha juu iombe namba. Haikupata. Hapo ndipo tulipomkumbuka tarishi. Sauti ya kompyuta haivuki ruta. Lazima ibebwe na tarishi aliyewekwa katika ruta ya kila kituo, naye tarishi huyo alikuwa ameandikiwa namba ya mgawaji wa kwanza tu. Msaidizi wetu alikuwa amekaa miezi miwili ofisini pasipo barua hata moja ya kituo kumfikia. Ruta zote zikaandikiwa wagawaji wawili, na jaribio lilipofanywa tena kompyuta ilipata namba mara moja. Tangu siku hiyo tuliacha desturi ya msaidizi anayengoja, tukawapa wote wawili kazi sawa ya kila siku, kwa maana mfanyakazi anayeonekana kazini kila asubuhi ugonjwa wake hujulikana mapema.

Somo kubwa kuliko yote lilikuja katika masika ya mwaka wa tisa. Mvua iliharibu njia ya mawasiliano baina ya makao makuu na ghala la bondeni. Mtambo wa makao makuu ukatoa taarifa kwamba mwenziwe hasikiki. Karani kijana, kwa bidii njema, alitaka kubonyeza amri ya kutangaza kwamba mwenziwe amekufa, ili ghala lote liwe chini ya mmoja. Tulimzuia mkono, tukampigia simu mtunza ghala. Akajibu: "Taa zinawaka, Bwana Katibu, na huku kazi inaendelea." Ule wa bondeni nao ulikuwa umeandika kwamba wa makao makuu hasikiki. Kila mmoja alikuwa hai, na kila mmoja alimkosa mwenziwe.

Hapa ndipo hekima ya walioandika mapatano yale inapoonekana. Mgawaji aliyepotewa na mwenziwe hawezi kujua kama mwenziwe amefariki au waya tu umekatika. Kwake yeye ukimya ni ule ule. Kwa hiyo mapatano humtaka aendelee na vibanio vyake mwenyewe, na wapangaji wa zamani awaongezee muda kwa uangalifu, bila kugusa ghala la mwenziwe. Kutangaza kifo ni amri ya mtu aliyekwisha hakikisha. Lau tungalitangaza siku ile pande zote mbili, tungalirudi kwenye zizi la mafahali wawili. Tulingoja siku mbili, njia ikatengenezwa, madaftari yakasomana yenyewe, na hapana mkulima aliyejua kwamba kulikuwa na jambo.

Kutokana na hayo Halmashauri imepitisha kanuni tatu. Ya kwanza, hakuna atakayetangaza kifo cha mtambo kabla ya kupiga simu na mtu kuuona kwa macho yake. Na tangazo hilo litatiwa sahihi na maofisa wawili. Ya pili, kila mwaka kabla ya msimu mtambo mmoja utazimwa kwa makusudi, kisha wa pili, na matokeo yataandikwa. Ya tatu, vitabu vya stakabadhi vya karatasi vitaendelea kuwamo katika kila kituo, maana mitambo miwili nayo yaweza kukosa umeme siku moja.

MWISHO

Wanachama wapenzi, kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tuliungana katika ushirika kwa sababu hiyo. Lakini vidole viwili visivyopatana navyo havivunji kitu. Tulipokuwa na mtambo mmoja tulikosa akiba. Tulipowasha wa pili bila mapatano tuliongeza hasara. Tulipoweka mapatano bila kuyajaribu tulikuwa na akiba ya kwenye karatasi. Mambo hayo matatu yalitugharimu msimu mmoja wa aibu. Tumeyaandika hapa ili vyama vya msingi vinavyokusudia kuweka mitambo yao visilipe ada hiyo mara ya pili.

Yule mzee aliyetuuliza swali alifika ofisini mwaka huu kuchukua stakabadhi yake. Tulimkaribisha katika chumba cha nyuma, tukamwonyesha mtambo na taa zake. Akautazama kwa muda, kisha akauliza wa pili uko wapi. Tulipomjibu kwamba uko bondeni, akauliza tena: "Na lini mliujaribu?" Tukafungua kitabu, tukamwonyesha tarehe na sahihi mbili. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua stakabadhi yake, akaenda zake. Twaomba kila mwanachama aingiaye ofisini mwetu katika miaka kumi ijayo atuulize swali hilo hilo, na Mungu atujalie tuwe na jibu.